Doti Tatu za Kanga

Chawia, Alhamisi mchana

Mwanangu Mghoi,

Salamu sina. Chai ya asubuhi tumekunywa pamoja na kikombe chako hata sijakiosha. Umekwenda Wusi na watoto wako kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachilia mpaka umekula mara mbili, kwa hiyo nina mchana wote. Nimefunga mlango kwa komeo, mimi ambaye mlango wangu haufungwi mchana. Jirani akibisha nitamwambia kichwa kinaniuma, na si uongo sana.

Mambo ya sweta, ya kutolala karibu na dirisha la treni, ya kutobishana na askari wanaokagua watu njiani siku hizi, hayo hutayakuta humu. Nimekuambia mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Barua hii nitaiweka sandukuni mwako, juu kabisa, chini ya Biblia. Isome peke yako, lakini isome kabla hujafika chuoni. Narudia, Mghoi, kabla hujafika.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu Jumatatu karani wa chuo atakupa karatasi ya msaada uijaze kwa mkono wako mwenyewe. Kuna mahali wanauliza hivi: tangu mume wako alipoondoka, amewahi kukutumia kitu chochote? Juzi ulipokuwa ukipiga pasi uliniambia, "Mama, mimi nitaandika ukweli mtupu. Nitaandika zile doti tatu za kanga. Alizituma, siwezi kuficha." Mimi nikainama nikapuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Usiandike hivyo. Mumeo Nyambu hakukutumia kanga. Nyambu hajakutumia hata uzi wa kushonea kifungo. Kanga zile nilizinunua mimi, Voi, dukani kwa Bi Rukia, zote tatu.

Haya, nimesema. Nilidhani nikishaandika maneno hayo nitajisikia nafuu, kumbe wapi. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi kuketi. Nakuandikia kwa Kiswahili hiki cha sokoni kwa sababu kwa Kidawida chetu ningelia mstari wa pili, na barua ya machozi haisomeki.

Sasa nipe nafasi nikueleze tangu mwanzo. Kasirika ukitaka, una haki, lakini usiikunje kabla ya mwisho.

Ulikuwa darasa la sita wakati watu wa Nyambu walipokuja kutoka Mwanda. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na aliyepokea wageni ni baba yako mkubwa, Mwakio, kwa sababu ndiye aliyeachiwa nyumba hii. Mitamba ya mahari ililetwa ikafungwa zizini kwake. Watu watakuambia mama mjane hana sauti katika mambo hayo. Usiwaamini. Mama akikataa kabisa, wazee hununa, hutia maneno, lakini husubiri. Ningeweza kuwasubirisha miaka miwili, ukamaliza shule. Sikuwasubirisha hata wiki. Nilitaka watu waone kwamba nyumba ya marehemu haijaanguka, kwamba mjane huyu naye ana mkwe. Wewe ulifunga madaftari yako kwa kamba ya mkonge ukayaweka darini. Mpaka leo nikipanda darini kutoa mahindi nayaona, na kamba ile haijafunguliwa.

Nyambu alikaa nawe mpaka mtoto wa pili, akaenda Mombasa kutafuta kazi ya bandarini. Barua mbili, kisha kimya. Ukarudi kwangu na watoto, Malemba bado mgongoni. Unakumbuka ulivyokuwa? Ulikaa pale penye kinu kutwa nzima. Chakula nakuwekea, kinapoa, kuku wanakula. Mimi nikienda mtoni wanawake wananyamaza. Kanisani wananiuliza, "Mkwe hajambo huko Mombasa?" kwa ile sauti ya sukari, nao wanajua vizuri kwamba hajambo yake hatuijui. Loo, wanawake wa Chawia! Wanajua kuuliza.

Siku moja nilishuka Voi na lori, na kapu langu la nyanya. Nikapita kwa Bi Rukia. Unamjua alivyo, yule mama wa Kiislamu wa duka la pembeni, watu wake wanatoka pwani, hawezi kukuona unapita bila kukutandazia nguo. Akaniambia, "Mama Mghoi, hii imefika juzi. Ishike tu, kushika si kununua." Ilikuwa ile ya njano yenye maua. Nikaishika. Nikamwachia kapu zima la nyanya na fedha ya chumvi juu yake, nikapanda lori na kanga kifuani. Naapa, wakati nanunua nilifikiri nakununulia mimi tu, mama amnunulie mwanawe nguo, basi. Lori lilipokuwa linapanda kona zile za Mwatate ndipo uongo ukaniingia kichwani.

Nikakuambia mtu wa reli alinipa pale stesheni, ametumwa na Nyambu. Ukaipokea kwa mikono miwili. Ukainusa. Ukauliza, "Alisemaje?" Nami nikajibu, "Anasema uvumilie." Neno hilo la uvumilie ni langu, Mghoi, halikutoka Mombasa. Jioni ile ulikula ugali ukaongeza. Mimi nikakaa nakutazama nikisema moyoni, Mungu anisamehe, lakini mtoto amekula.

Ningekomea hapo labda ningekuwa na la kujitetea. Lakini Jumapili ukaivaa kanisani, na mimi nilitembea mbele yako polepole, polepole sana, ili kila mtu aione. Aliponiuliza mmoja wao, yule wa sauti ya sukari kuliko wote, nikamjibu kabla hajamaliza, "Mkwe wangu hajatusahau!" Nilisikia raha, siwezi kukudanganya. Ndiyo maana ikaja ya pili, Krismasi. Na ya tatu, Malemba alipobatizwa.

Mwaka ule wa kanga ya pili, dereva wa lori la mboga aliniita kando akaniambia amemwona Nyambu Mombasa, ana mke mwingine na mtoto anayetembea. Aliniambia kwa heshima, kama mtu anayetoa habari za msiba. Nikamwomba asimwambie mtu. Nikapanda na siri hiyo nyumbani, nikakukuta unafua kanga yako ya njano, unaikamua taratibu isichuje. Nikakushikia upande mmoja tukaikamua.

Halafu akaja yule Bibi wa misheni. Unamkumbuka, aliketi kwenye kigoda chetu magoti yakafika kidevuni. Alikuja na nafasi ya wewe kurudi shule, bure, na watoto wangekaa nami. Ulimjibu kwa adabu sana. Ulimwambia, "Mume wangu hajaniacha, ananitumia nguo. Akirudi anikute sipo, atasemaje?" Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya ndizi mkononi, na habari za dereva tumboni, na nilikuwa na dakika nzima ya kusema neno. Nikasema, "Karibu ndizi." Bibi akala ndizi moja akaenda zake. Wasichana uliosoma nao sasa wana madarasa yao, wanaitwa Mwalimu. Wewe unaanza kesho, na miaka thelathini unayo. Nyambu alikuacha mara moja tu, Mghoi. Kila mwaka baada ya hapo aliyekuzuia kurudi shule ni mimi.

Baada ya ile ya tatu nikachoka, nikaacha kununua. Na kanga zilipokoma, wewe ukaacha kungoja. Nimelifikiria jambo hilo usiku mwingi, kwamba kungoja kwako kulikuwa mkononi mwangu na ningeweza kukuachilia siku yoyote.

Sasa nifike kwa baba yako mkubwa, na hapo nitaandika vibaya maana mkono wenyewe unakasirika.

Siku ileile aliponiambia yule dereva, siri ilinishinda kuibeba. Nilikwenda kwa Mwakio. Nani mwingine ningemwendea? Ndiye aliyesimama nami tulipomzika baba yako, ndiye aliyeezeka jiko hili. Nikamweleza yote, Nyambu na mke wake mpya, na kanga kwamba ni zangu. Alikuwa anakamua ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua, kisha akasema, "Shemeji, umefanya vizuri. Jina la nyumba limekaa. Neno hili tulizike hapahapa, mimi na wewe." Akanijazia kibuyu cha maziwa nikaja nacho. Nililia njiani kwa shukrani. Na maziwa yale, mwanangu, yalitoka kwa ng'ombe aliyezaliwa na mtamba wako. Tuliyanywa sisi sote, na wewe pia.

Basi mwaka jana ikasomwa kanisani habari ya msaada. Watu wazima walioacha shule na wanaotaka kurudi chuo cha ualimu watalipiwa karo, na mwanamke asiye na mume wa kumtunza, watoto wake watapewa posho ya unga na maharagwe mpaka amalize. Ulikimbia nyumbani kama msichana, viatu mkononi. Ukaniambia, "Mama, mimi ni yule. Mimi ndiye waliyemtaja." Na ulikuwa ndiye kweli. Masharti yote ulikuwa nayo. Lililobaki ni ndugu wawili kusimama mbele ya Bwana wa msaada na mzee wa mtaa, kwenye baraza, waseme kwamba huna mwanamume anayekutunza. Tukaandika jina langu na jina la Mwakio.

Ulikuwepo siku hiyo, lakini uliona nusu. Nikupe nusu nyingine.

Mwakio alisimama na kofia mkononi. Akasema, "Bwana, mimi siwezi kudanganya Serikali. Mtoto huyu ana mume. Ng'ombe wa mume wake wako zizini kwangu mpaka leo, hakuna aliyekuja kuwadai. Na mume anamtunza. Ametuma kanga, mara tatu, watu wote hawa wameziona. Kama mimi mwongo, mama mtu yule pale, muulizeni."

Ng'ombe, Mghoi! Yote yalikuwa ng'ombe. Ikiandikwa kwenye karatasi ya Serikali kwamba umeachwa, watu wa Mwanda wangepanda kudai mifugo yao, na mitamba ile imekwisha kuzaa na kuzaa tena, zizi lake limejaa. Mradi wewe ni mke wa mtu, ng'ombe ni wake. Hilo ningelitambua mapema kama ningekuwa na akili. Lakini kilichonichoma si ng'ombe. Ni kwamba alijua! Nilimwambia kwa mdomo wangu, kwa machozi yangu, kwamba kanga ni zangu, na yeye akaichukua siri ile tuliyoizika akaifukua mbele ya baraza nzima, akaigeuza, akanipa nishike. Alipokwisha kusema alinitazama. Hakutazama chini. Alinitazama usoni kwa utulivu kabisa kwa sababu alijua nitajibu nini. Ananijua, bwana yule. Alijua kwamba mbele ya wanawake wa Chawia sitasema kamwe kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakuvalisha nguo za uongo.

Bwana akauliza kwa mkalimani, "Mama, ni kweli?"

Nilikuangalia. Nawe ukaniangalia bila wasiwasi, maana hata wewe uliamini ni kweli. Yule wa sauti ya sukari alikuwa safu ya mbele, anatafuna muwa, akaacha kutafuna.

Nikasema, "Ni kweli, Bwana."

Wakapiga mstari kwenye jina lako. Tulipokuwa tunarudi, mimi nalia, wewe ukanishika mkono ukaniambia, "Mama usilie, ulisema kweli tu. Hata mimi ningesema." Umewahi kupigwa na mtu kwa upole? Mimi nilipigwa siku ile. Ningekuambia palepale njiani. Nikakuambia jua ni kali, tutembee haraka.

Mwaka mzima ukapita. Ulilima, ulipalilia, hukumlaumu mtu. Ukamwamkia baba yako mkubwa kila ulipokutana naye. Mimi nilikuwa nageuza njia. Nilimchukia mpaka usingizi ukanikimbia, nikamhesabu msaliti, nyoka, kila jina. Kisha alfajiri moja nakoroga uji, nikamwona waziwazi pale barazani na kofia yake, na nikajiuliza: yeye alisema nini ambacho mimi sikuwa nimekisema miaka mingi kabla yake? Uongo haukuwa wake. Aliuokota mlangoni kwangu. Uji uliungua na niliuacha uungue.

Waliporudi kuandika majina mwaka huu, nilishuka Voi bila kukuambia. Wewe ulidhani nimepeleka kabichi. Nilikwenda kwa Bi Rukia nikamweleza. Mama yangu! Alinikaripia mpaka wapita njia wakasimama. "Mama Mghoi, wewe! Nakuuzia kanga nikidhani wajipamba mwenyewe, kumbe wamvisha mwanao urongo? Na huyo shemejiyo asimama barazani na urongo wenu nawe waitikia amina? Ngoja nivae buibui langu." Akafunga duka, siku ya soko, wateja wakiwa mlangoni. Tukaenda ofisini pamoja.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba. Bwana wa msaada ni yuleyule wa barazani. Bi Rukia akatoa ushahidi wake kwamba kanga zote tatu aliniuzia yeye, na kwamba kila mara nililipa mwenyewe kwa nyanya na jasho langu. Bwana akanigeukia mimi. "Na kwa nini mwaka jana ulisema mume ndiye aliyezituma?"

Nilitafuta jibu zuri. Nilikuwa nimelitunga jibu zuri ndani ya lori, lakini likapotea. Nikasema, "Aibu, Bwana."

Akamwambia karani, "Andika: aibu." Na karani akaandika. Niliuona wino ukikauka.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifungisha mlango leo. Alisema, "Jina lake nitalipeleka. Lakini akifika chuoni ataulizwa mwenyewe. Jibu lake likipishana na lako, mmoja wenu ni mwongo, na msaada utakatwa, wa karo na wa watoto. Binti yako anajua?" Nikamwambia, "Atajua kabla hajafika."

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Miezi mitatu tumekoka moto pamoja, tumemenya viazi pamoja, tumelala chumba kimoja. Barua ya kukubaliwa ilipofika ulicheza uani mpaka mbwa akaanza kubweka, ukasema Mungu ameulainisha moyo wa Bwana. Ukampelekea baba yako mkubwa sukari kumshukuru kwa kutokupinga safari hii! Nilikutazama ukishuka na ile sukari na bado sikusema.

Na jana akaja kukuaga. Ulifurahi sana, nilikuona. Alisimama uani na kikombe cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, akutasie, ateme hasira yake akubariki, kama inavyompasa mkubwa wa nyumba kumfanyia mtoto anayesafiri. Akachukua funda, akanyunyizia pembeni, akasema, "Kama kuna hasira moyoni mwangu juu ya mtoto huyu, itoke. Aende salama, arudi salama." Funda la pili, la tatu. Kazi safi. Sijui kama alimaanisha, na sitaki kukaa kiti cha Mungu, labda hana hasira kweli, kwa nini awe nayo, ng'ombe si bado wako zizini?

Kisha ukanigeukia ukasema, "Na wewe mama, nitasie." Nikakujibu mimi ni mtu wa kanisa, mambo hayo niliyaacha, nikaingia jikoni. Nilikuona kwenye ufa wa mlango ulivyobaki umesimama. Umefikiri nimekukatalia baraka. Sivyo, mwanangu. Tangu utoto wetu tunajua kwamba mtu hatasi na neno limekwama kooni. Maji yakitoka na neno likabaki, ni heri usingetasa kabisa. Nilikuwa na hasira juu ya Mwakio imenijaa kifuani, na chini ya hiyo kulikuwa na hili ninalokuandikia, na vyote viwili havikutaka kutoka kwa funda la maji.

Jioni itaingia sasa hivi. Nasikia ng'ombe wanarudi kutoka bondeni, wa Mwakio wakiwemo.

Kuhusu ng'ombe hao, usimwandikie Mwakio neno. Hayo ni yangu. Wazee wamekwisha kuniwekea siku, na nitasimama mbele ya watu walewale na nitasema kuhusu kanga kwa mdomo wangu mwenyewe, na yule wa sauti ya sukari nitamhifadhia kiti cha mbele. Naogopa sana. Lakini nimekwisha kulisema mara moja ofisini na sikufa.

Kesho stesheni utanikumbatia, na utakuwa bado hujui. Nitakukumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu, na utaona haya mbele za watu. Unisamehe hilo nalo, kwa sababu nitakuwa nimelichukua kumbatio lako kabla hujajua unampa nani. Ningekuwa mwanamke bora ningekuambia leo jioni, uso kwa uso. Nimejaribu kujipima, siwezi. Naweza hii.

Kwenye ile karatasi andika: Hakunitumia kitu. Sasa ni ukweli wako pia, unaweza kuuandika bila kuficha kitu. Ile kanga ya njano nimeikuta umeikunja chini kabisa ya sanduku. Sikuitoa. Ivae, igawe, pangusia ubao, ni yako na ililipwa kwa nyanya zangu, haina mwanamume ndani yake.

Jambo moja la mwisho. Ukimaliza kusoma, hasira sasa itakuwa yako, na aliyekosewa ni wewe, kwa hiyo wa kutasa si mimi tena. Chukua kikombe cha maji utoke nje, mahali wasipokuona. Usiseme maneno mazuri ya kanisani. Nitaje jina. Sema nilichokufanyia, chote, mpaka kiishe, ndipo utie funda mdomoni na kulitema. Kama siku ya kwanza halitoki, usilazimishe. Utakuwa na kazi ya masomo, lisikucheleweshe.

Mimi nitakuwa hapa na watoto. Kila siku ya soko nitashuka Voi na kabichi zangu nipite posta. Nisipokuta barua yako nitajua funda bado liko mdomoni. Nitapanda lori nirudi kuwapikia watoto, na siku ya soko inayofuata nitashuka tena.

Ni mimi mama yako, niliyenunua kanga.